Hati ya Mkia

Nchi ya Sambarua imekaa kama sinia lililoinamishwa upande mmoja, ila, kinyume cha masinia ya nchi nyingine, mchuzi wake haumwagiki kwenda chini bali hupanda. Chini kabisa, kwenye udongo mweusi unaonata miguuni, wanakaa wakulima wa mpunga, wasusi wa mikeka, wavuna chumvi na watu wengine wa kazi za mikono. Katikati wanakaa makarani, ambao kazi yao ni kupokea vya chini na kuvipeleka juu, na vidole vyao hung'aa kwa mafuta ya vitu vinavyopita. Na juu, mahali paitwapo Madunguni, wanakaa Walinzi. Zamani huko juu palikuwa na madungu ya kweli, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na Walinzi walikuwa vijana tu waliopandishwa na wenzao ili wafukuze ndege wasile mpunga. Ndege walifukuzwa, mpunga ukaiva, lakini Walinzi hawakushuka. Walisema ndege wanaweza kurudi. Wakajenga kuta, wakatia vioo, wakazaa na watoto wao wakazaa, na mpunga ukawa unapelekwa huko huko juu ukalindwe vizuri zaidi, mpaka mtu wa chini akitaka kujua wali wa shamba lake mwenyewe ulivyo, anaunusa kwa mbali upepo ukigeuka.

Walinzi hawa walikuwa na kila kitu isipokuwa sura ya kuwaonyesha watu. Mlinzi Mkuu wa wakati huo, Kondoro mwana wa Kondoro, alikwenda kwenye karamu ya nchi jirani, akakuta kila mtawala ana tovuti, na kila tovuti ina nembo, na kila nembo ina herufi zilizochaguliwa na rangi iliyokaliwa kikao. Alipoulizwa ya kwake akatoa mfukoni muhuri wa mpira wenye picha ya ndege aliyechakaa hata akafanana na kiatu. Wenzake walicheka kwa adabu, na kicheko cha adabu ndicho kinachouma. Aliporudi alilala siku mbili na kitambaa cha maji kichwani, na siku ya tatu akatangaza: Sambarua itakuwa na tovuti, amri zote, kuanzia ya kuhamisha kijiji hadi ya kufunga mbuzi, zitatokea humo na kuingia kwenye simu za watu, na amri isiyokuwa na nembo mpya haitakuwa amri. Mashine za tovuti zitajengewa jumba lenye feni kwenye Kiwanja cha Mivinje, kwa sababu ni tambarare, pana upepo, na wenyeji wake hawana tabia ya kulalamika.

Wenyeji wake walikuwa maiti.

Bi Zuhena ndiye aliyekuwa akiandika mbao za makaburi ya kiwanja hicho, huu ukiwa mwaka wa ishirini na sita. Mumewe, marehemu Mbaruku, alilala safu ya nne chini ya mvinje uliopinda, na ubao wake Bi Zuhena aliuandika mwenyewe, siku ambayo mkono ulikuwa hautaki. Sambarua ina hati mbili. Ya walio hai ni nene na fupi, imesimama wima kama mtu anayengoja chakula, na rangi yake ni yoyote anayoipenda mwenye duka au mwenye mkokoteni. Ya waliokufa ni nyembamba, imeinama kidogo, na kila herufi ina mkia unaovutwa nyuma, kule mtu alikotoka. Nayo huandikwa kwa chokaa juu ya nili, hivyo tu, na haiandikwi penginepo popote. Mtoto wa huko chini, kabla hajajua kusoma, akiona mkia na nili hushusha sauti. Na siku jina linapopanda ubaoni, amri zote za mwenye jina hukoma: alichokataza hakikatazwi tena, alichotuma hakifanywi, na waliokuwa chini yake hukaa matanga siku saba bila kugusa kazi yake.

Huko juu hawakuyajua haya. Walinzi huzikwa Madunguni kwenyewe, ndani ya marumaru inayochongwa ng'ambo, na kwenye mazishi ya watu wa chini humtuma karani na kilo mbili za sukari.

Asubuhi moja Bi Zuhena alikuwa ameinamia kopo lake la chokaa, akaona kivuli cha mtu mwenye kamera kinatembea juu ya majina. Alikuwa Lumbwi, mtaalamu wa sura, aliyesomea ng'ambo namna ya kuchagua herufi, na aliyekuwa na desturi ya kukubaliana na kila chumba alichoingia.

"Mama, nani kaandika hizi?"

"Mimi, mwanangu. Shikamoo haipo huko ulikosoma?"

"Shikamoo, mama. Nimepigwa na butwaa. Huu mkia! Unaijua thamani ya mkia huu?"

"Marahaba. Ninaijua kazi yake."

Lumbwi hakuuliza kazi gani. Alipiga picha safu ya kwanza mpaka ya tisa, akifunga jicho moja, akipiga magoti kwenye mchanga, akisema peke yake maneno kama "uzito" na "hadhi". Alipomaliza alijifuta magoti, akasema kwa sauti ya mtu anayegawa sadaka, "Kesho panda juu ukaonane na Mlinzi Mkuu. Atataka kuuona mkono ulioandika. Akiipenda hati hii, nitamwambia atafute mahali pengine pa kujenga. Neno langu analisikia."

Jirani wa Bi Zuhena, Mama Tofiki, alipopata habari hizo aliacha mtwangio ndani ya kinu, akaja na unga mikononi.

"Zuhena, nenda, na usiwe na maneno mengi. Ukiulizwa kama ni nzuri, sema nzuri. Wewe unataka nini? Kaburi la Mbaruku libaki. Basi. Mwenyewe angekwambia hivyo hivyo."

"Mbaruku alikuwa akinisifia pilau hata iliyoungua. Si wa kumtegemea kwa ushauri."

"Lakini alikula."

"Alikula, Mungu amrehemu."

Alfajiri, baada ya swala, Bi Zuhena aliomba jambo moja tu, kwamba asiulizwe swali ambalo jibu lake lingemtoa mumewe ardhini. Kisha akavaa buibui lake la Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano, akapanda.

Baraza la Walinzi lilikaa kwenye ukumbi wa viti vyenye migongo mirefu kuliko ya waliokalia. Bi Zuhena alipewa kigoda karibu na mlango. Lumbwi alikuwa ametandika ukutani kitambaa cheupe, na mashine ndogo ikawa inatupa juu yake jina la KONDORO kwa hati moja baada ya nyingine, na wakubwa wakawa wanalitazama jina la mkubwa wao likinenepa, likikonda, likivaa viatu na kuvua.

"Hii nene imeshiba," alisema Bwana Shibe, Mshauri wa Ghala.

"Imevimba," akasema Bi Fanusi, Mshauri wa Adabu. "Inafanana na wewe, shemeji."

Wakaja kwenye rangi. Nyekundu ilikataliwa kwa sababu watu wangedhani ni bucha. Manjano ikasemwa ina bizari nyingi. Kijani ilipotokea, ile kijani ya mpunga mchanga, ukumbi mzima ulikohoa kwa pamoja, na Lumbwi akaiondoa upesi kama mtu aliyemfungulia mgeni mlango wa choo. Mlinzi Mkuu mwenyewe alitaka dhahabu. Lumbwi alimweleza kwa unyenyekevu kwamba dhahabu, ikiingia kwenye simu za bei rahisi walizonazo watu wa chini, hugeuka rangi ya uji wa mgonjwa. Mlinzi Mkuu akanuna, akavuta bakuli la korosho karibu.

Ndipo Lumbwi akaonyesha aliyoificha. Jina lilisimama ukutani jembamba, limeinama kidogo, jeupe juu ya nili, kila herufi na mkia wake. Hakuna aliyekohoa. Mlinzi Mkuu alisimama polepole, korosho ikiwa katikati ya vidole.

"Huyu," alisema, "ndiye mimi."

Bi Zuhena pale kwenye kigoda alizitambua moja moja. Lumbwi hakuwa ameandika herufi hizo; alikuwa amezikata kwenye picha zake na kuziunga. Ile K ilitoka kwa Kazija aliyekuwa akiuza vitumbua. N na D zilikuwa za mvuna chumvi, Nadhiri, na mwanawe. Zile O tatu zote zilikuwa moja, ndogo, ya Omari aliyeishi siku tisa. Na R yenye mkia uliovunjika katikati, mahali ambapo mkono ulitikisika, ilikuwa ya Mbaruku.

Akasimama. "Mheshimiwa, hati hiyo ni ya makaburini. Na nili hiyo pia."

Mlinzi Mkuu hakugeuka. "Tangu lini?"

"Tangu kwa babu wa babu zetu."

"Unasikia, Lumbwi? Ya asili kabisa."

"Mheshimiwa, kule chini jina likiandikwa hivi, mwenye jina huhesabiwa amekufa."

"Anasema hivyo kwa ajili ya kile kiwanja chake," alisema Bi Fanusi. "Anaogopa tukiichukua hati, na ardhi itafuata."

"Mama, herufi ni umbo tu," akasema Lumbwi, akitabasamu kwa pande zote za ukumbi. "Umbo haliishi wala halifi."

Mlinzi Mkuu sasa aligeuka, akamtazama Bi Zuhena kwa mara ya kwanza, kwa ukarimu, kama anavyotazamwa mtu ambaye ameshachukuliwa kitu. "Bi mkubwa, wewe mwenye mkono utaniandikia hii kwenye lango. Kwa rangi ya kweli. Na habari ya kile kiwanja tutaizungumza vizuri. Unasemaje?"

Swali lilikuwa limefika. Alijua neno moja la ndiyo lingenunua nini. Aliiona safu ya nne, mchanga wake alioufagia juzi. Aliona pia ubao, jina la mtu anayetafuna korosho, na yeye ameishika brashi ya chokaa akishuhudia kifo ambacho hakijatokea.

"Siwezi, Mheshimiwa. Wewe u hai. Nikikuandika hivyo nitakuwa nimetoa ushahidi wa uongo, na nitaulizwa."

"Na nani?"

"Na atakayetuuliza sote."

Mlinzi Mkuu alitia korosho mdomoni, akaitafuna mpaka ikaisha. "Jumatatu tingatinga liingie kiwanjani," alisema. "Lumbwi, langoni andika wewe."

Tovuti ilifunguliwa Ijumaa mchana, watu walipokuwa wanatoka msikitini. Simu zililia mifukoni kwa pamoja, na kila aliyeitoa ya kwake akaona jina la KONDORO katika hati ya mkia, chokaa juu ya nili, likiwa limetumwa kutoka Madunguni kwenyewe. Sauti zilishuka kuanzia ngazi za msikiti, zikashuka sokoni, zikashuka visimani. Mwenye kinanda alikizima. Wanawake walipandisha kanga vichwani. Hakuna aliyemwambia mwenzake, maana hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kufikia alasiri mikeka ilikuwa imetandikwa nje ya nyumba zote za Sambarua isipokuwa ya Bi Zuhena, kwa kuwa sheria ni sheria, na aliyekuwa chini ya mtu humkalia matanga, ampende asimpende.

"Zuhena, kafa na nini?" aliuliza Mama Tofiki.

"Mimi nilimwacha anakula korosho."

"Basi zilimpalia."

"Sijasikia kwamba amekufa, wala sikumwandika mimi."

"Mkono si wako ule?"

"Ni wangu. Lakini sikumwandika."

Alimjibu hivyo kila aliyemuuliza, na kila aliyemuuliza aliitikia kwa kichwa, akaona hiyo ni staha ya mwandishi asiyetaka kuwatangulia wafiwa.

Kazi ya marehemu haikuguswa. Magunia yaliyokuwa yamefungwa kupelekwa juu yalifunguliwa kamba. Makarani wa katikati walikaa madirishani wakingoja vya kupokea, vidole vikaanza kukauka. Jumamosi Mlinzi Mkuu, aliyedhani ule ukimya ni heshima kwa nembo yake mpya, alishituka kuona mlangoni pake wazee wenye mikeka na maji ya baridi wakiuliza wafiwa wamekaa upande gani. Alipoelewa, akaingia mbele ya kamera, akajirekodi akisema kwa ukali kwamba yu hai na ana afya, na picha ile ikatumwa kwa watu wote chini ya nembo ile ile. Watu waliitazama mara mbili tatu. Walisema alikuwa na sauti nzuri, na kwamba alifanya busara kurekodi mapema.

Jumatatu, jua halijakaza, Bi Zuhena alikuwa ameshaketi safu ya nne na msahafu mapajani. Alikuwa hana mpango wowote. Alikusudia kukaa tu, na tingatinga likija, limkute. Likaja. Lilinguruma mpaka ukingo wa kiwanja, likazimwa, na dereva akashuka, mtu mzima mwenye mvi masikioni, akavua kofia.

"Pole, mama."

"Ya nini, baba?"

"Ya Mlinzi Mkuu. Sote tumefiwa." Akatoa simu, akamwonyesha amri ya kusawazisha kiwanja, na juu yake nembo, na ndani ya nembo ile R. "Nimeletewa hii leo asubuhi. Nikasema, mbona wananiletea kazi ya marehemu? Kazi ya marehemu mimi siigusi, nina watoto. Nimelileta hapa kwa sababu uwanja wao haukuwa na kivuli. Kwenu hapa hakuna mtu anapika chai?"

Bi Zuhena alimwelekeza kwa Mama Tofiki. Akabaki peke yake na lile dude la manjano likipoa chini ya mivinje, matone ya mafuta yakidondoka mchangani. Alimshukuru Mungu, kisha ikamwia vigumu, kwa sababu alichokishukuru kilikuja kwa kosa la watu, akakumbuka kwamba kosa lile alilikanya kwa mdomo wake, mwishowe akaona mzigo huo si wa kubebwa na mwandishi wa mbao, akafungua msahafu alipoishia.

Jumanne walibadilisha nembo. Waliweka nene, nyekundu, iliyoshiba. Huku chini watu walitikisa vichwa na kusema hata wiki haijaisha, warithi wameshaanza kugombana.

Siku ya nane, mikeka ilipokuwa inakung'utwa, mtu alishuka kutoka Madunguni kwa miguu. Dereva wa gari lake alikuwa kwao, hajarudi kazini. Viatu vyake vilikuwa vimebeba udongo mweusi mpaka kwenye kamba, na watu aliowapita njiani walikuwa wamempisha bila kumwamkia, kwa macho ya chini. Akasimama mbele ya baraza ya Bi Zuhena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia mara tatu, Mheshimiwa. Karibu kiti."

Akakaa. Hakuonekana kuzoea kiti kisicho na mgongo. "Nimebadilisha hati. Nimebadilisha rangi. Nimejirekodi. Nimesimama pale sokoni, mwanamke mmoja akaniambia Mungu akulaze pema. Niandike kwa hati ya walio hai, wewe ambaye mkono wako wanauamini."

"Si kazi ya mkono wangu hiyo. Yupo mvuna chumvi aliyewahi kuandikwa kwa makosa, akarudi baada ya miezi miwili. Hakuandikwa upya. Alipokelewa."

"Kupokelewa ndiyo nini?"

Bi Zuhena aliinua macho kuelekea kiwanjani. Aliliona tingatinga kule ng'ambo, kimya, kunguru ameketi juu ya bomba lake. Alijua kwamba mtu huyu akihesabiwa hai, kila alichokiamuru kitaamka pamoja naye. Angeweza kusema hajui. Hakuna ambaye angemshitaki.

"Unakwenda kila nyumba iliyokaa matanga yako," alisema. "Mwenye nyumba akiwa na jambo juu yako, analisema, nawe unasikiliza mpaka mwisho. Akimaliza anakupa maji. Ukiyanywa, kwa nyumba ile u hai. Akikunyima, unangoja siku nyingine."

"Kila nyumba? Sambarua nzima imekaa matanga."

"Ndiyo."

Alijifuta uso kwa kitambaa kilichotariziwa jina lake. "Nitakiacha kiwanja chako," alisema ghafla. "Nakuahidi hapa hapa. Nenda uwaambie wanipokee."

"Mheshimiwa, ahadi yako sasa haimfungi mtu, hata wewe mwenyewe. Ngoja kwanza upokelewe, ndipo uahidi." Akalivuta kopo lake la chokaa, akaanza kulikoroga. "Mimi matanga yako sikukaa, kwa hiyo kwangu huna la kungoja. Nilikujua u hai tangu mwanzo. Nyumba ya karibu ni hiyo, ya Mama Tofiki. Mwaka wa njaa mlifagia ghala lake mpaka sakafu, na mwanawe wa kwanza yuko safu ya saba. Atakuwa na maneno."

"Nikifika nifanye nini?"

"Upige hodi, kama watu."

Akasimama, akavuka ua. Mtu huyu maishani mwake alikuwa amefunguliwa milango kabla hajaifikia, na sasa mbele ya mlango wa mbao uliotobolewa na mchwa hakujua mkono unawekwa wapi. Ndani mtwangio ulikuwa unakwenda, pu, pu, pu, juu ya mpunga ambao mwaka huu ulikuwa umebaki chini, na harufu yake ilikuwa imejaa uani. Aliinua mkono, akaushusha. Akafungua mdomo.

"Hodi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata kuku aliyelala kizingitini hakuifumbulia jicho.

Mtwangio ulinyamaza. Bi Zuhena, aliyekuwa akitazama kutoka barazani kwake, aliacha kukoroga, akatega sikio, na hakuweza kujua kama Mama Tofiki alikuwa anakuja mlangoni au alikuwa anapumzisha mkono.